Kabla ya Kidonge cha Pili

Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Wizara ya Afya,
Dodoma.

YAH: KIPIMO CHA TEZI YA SHINGO KWA WAGONJWA WA SONONA WENYE WASIWASI

Ndugu Mganga Mkuu,

Nimefundisha shule za msingi za Nyanda za Juu Kusini kwa miaka 34. Nilipoanza kazi, hukukosa mtoto mwenye shingo iliyovimba darasani. Kwetu rovu halikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Watu walilizoea kama walivyozoea ukungu wa asubuhi. Kisha zikaja kapsuli za mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 Serikali ikaagiza chumvi ya kula itiwe madini hayo. Shingo zikanyooka. Kazi hiyo naisifu mpaka leo. Ila rovu lilipotoweka machoni, tezi nayo tukaisahau.

Mjukuu wangu alipofikisha miezi mitatu, mama yake alianza kutetemeka mikono. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi, hofu ikamjaa, usingizi ukamkimbia, jasho likamtoka katika baridi yetu ya Juni. Mtoto alipofika miezi saba mambo yakageuka: binti yangu akawa mzito wa mwili na wa fikra, halii wala hacheki, anajifunika blanketi mchana. Lakini ile hofu haikumwacha. Hospitali moja, ambayo siitaji, ikamwambia ana sonona. Akapewa amitriptilini. Hofu ilipobaki pale pale, akaongezewa dawa ya kumtuliza. Majirani walikuwa na jibu lao tayari: amechezewa. Ulipita karibu mwaka mzima, mpaka daktari kijana wa mkoa mwingine alipomwambia ameze mate, akamshika shingo kwa vidole, akaandika herufi tatu kwenye karatasi: TSH.

Wewe haya unayajua. Nawaeleza wengine watakaoisoma barua hii. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye kitezi kidogo kilicho chini ya ubongo, nayo huiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ikisinzia, amri huzidi, kama mwalimu anavyompazia sauti mtoto wa dawati la nyuma. Ndiyo maana namba kubwa huashiria tezi iliyolegea, na ya binti yangu ilikuwa kubwa. Tezi inayozidisha kazi hukimbiza moyo na kutetemesha mikono, hata mgonjwa aonekane ana wasiwasi tu. Iliyolegea huleta uchovu na huzuni vinavyofanana mno na sonona. Wako wanawake wanaopitia yote mawili, moja baada ya jingine, katika mwaka ule ule waliojifungua.

Si habari mpya. Mwaka 1949 Daktari Richard Asher wa London alieleza wagonjwa 14 waliochanganyikiwa akili kwa sababu ya tezi iliyolegea. Wengi wao walipata nafuu walipopewa dawa ya tezi. Karibu na siku zetu, watafiti wa China waliwapima watu 1,718 wenye sonona ambao hawakuwa wameanza dawa, wakakuta wenye wasiwasi mkali wana TSH ya juu kuliko wenzao. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema kipi kilitangulia, tezi au hofu. Unatosha kumfanya daktari aulize.

Nisieleweke vibaya. Wagonjwa wengi wa sonona wana tezi nzima. Na binti yangu hakupona kwa kidonge cha tezi peke yake: baridi na uzito viliondoka, hofu ikapungua sana, huzuni ikabaki na bado inatibiwa.

Ninachoomba ni kidogo. Mgonjwa wa sonona mwenye wasiwasi, kabla hajaandikiwa dawa ya pili, ashikwe shingo na apimwe TSH mara moja. Aliyejifungua ndani ya mwaka asingojee hata hiyo dawa ya pili. Anayetumia lithiamu apimwe mara kwa mara, maana dawa hiyo yenyewe huweza kuilegeza tezi. Kama mwongozo wa wizara unasema hivyo tayari, basi haujafika kwenye chumba alichoketi binti yangu.

Utaniambia mashine haziko kila wilaya. Ni kweli. Lakini damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI husafirishwa kutoka vituo vya vijijini hadi maabara kubwa, na majibu hurudi. Boksi lile lile halishindwi kubeba kichupa kimoja zaidi.

Halafu kuna dawa ya tezi yenyewe. Humezwa kila asubuhi kabla ya chai, na kwa wengine ni ya maisha yote. Mwezi uliopita maduka ya dawa ya hapa yaliishiwa. Binti yangu alipanda basi kuifuata Mbeya, mtoto mgongoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Njombe.