Kuhesabu kati ya Umeme na Ngurumo

Mjini Goma, umeme ukimulika usiku juu ya ziwa Kivu, watoto wa nyumba moja hungoja ngurumo. Aliyejifunika blanketi kwa hofu aona imekawia sana. Anayecheza na wenzake asema imefika mara moja. Muda ni ule ule! Basi wote wawili si mashahidi wema.

Afadhali kuhesabu. Nuru hufika machoni papo hapo, lakini sauti huenda karibu meta 340 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde 3 ni kama kilometa 1. Wengine hudhani huo ni mchezo wa shule tu. Sivyo. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba Kabare, magharibi ya ziwa hili, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa umeme wa radi.

Lakini mwoga huhesabu mbio. Sekunde zikiwa 6 yeye amekwisha kufika 12, na radi iliyo karibu adhani iko mbali. Hatari ndiyo hiyo. Ifaa aseme taratibu, “mia na moja, mia na mbili,” naye ajipime kwanza mchana mbele ya saa yenye mshale wa sekunde.

Hesabu isipofika 30, radi haiko mbali kuliko kilometa 10. Mvuvi arudi pwani, na wachezaji waache mpira waingie nyumbani, wala si chini ya mti, wakae humo nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.