ZAMU YA MDOGO KITINI

Mji wa Arusha, ulio chini ya Mlima Meru, ndipo yalipo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo mkataba wa Jumuiya ulipotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, na hapo ndipo, tarehe 22 Julai 2022, Raisi Evariste Ndayishimiye wa Burundi alipopokea uwenyekiti wa Mkutano wa Wakuu wa Nchi kutoka kwa Raisi Uhuru Kenyatta wa Kenya. Alikikalia kiti hicho miezi kumi na sita, hata tarehe 24 Novemba 2023 alipomkabidhi Raisi Salva Kiir wa Sudani ya Kusini. Yatupasa kuupima uongozi ule kwa mizani ya haki, bila ya kuubeza kwa udogo wa nchi yake wala kuusifu kwa kuuonea huruma.

Huenda mwanachama akauliza: ya Burundi yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yatuhusu sana. Sisi nasi tu wadogo ndani ya umoja, na mdogo hana somo bora kuliko mwenendo wa mdogo mwenziwe.

Kwanza tuseme lililo haki. Burundi haikupewa kiti kwa hisani. Kifungu cha 12 cha Mkataba chasema kwamba uwenyekiti ni wa mwaka mmoja, na utashikwa kwa zamu baina ya nchi wanachama. Mkataba haukuuliza upana wa ardhi wala wingi wa mali. Nchi isiyofika kilomita za mraba 28,000 ina haki ile ile iliyo nayo Kongo, iliyoingia katika Jumuiya mwaka huo huo wa 2022 na ardhi yake ya kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili.

Tena mji wenyewe una maana kwa Warundi. Tarehe 28 Agosti 2000 walitia saini Arusha mapatano yao ya amani, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kuendelezwa na Nelson Mandela. Waliokuja kupatanishwa walirudi baada ya miaka 22 kuongoza kikao cha wapatanishi. Hiyo ni heshima, na hakuna wa kuwapokonya.

Lakini zamu iliyoandikwa haijilindi yenyewe. Machi 2016, nchi ile ikiwa katika msukosuko ulioanza mwaka 2015 Raisi Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu, kiti hakikwenda Bujumbura. Kilibaki kwa Tanzania mwaka wa pili. Nyumba yenye moto ndani hairukiwi na zamu na majirani tu, hujirukisha yenyewe.

Ama matendo, mtihani mkubwa ulikuwa vita vya mashariki ya Kongo. Jumuiya ilipeleka jeshi lililokusanya askari wa Kenya, Burundi, Uganda na Sudani ya Kusini. Tarehe 4 Februari 2023 mwenyekiti aliwaita wakuu Bujumbura, Raisi Kagame na Raisi Tshisekedi wakakaa katika kikao kimoja, wakataka mapigano yakome na makundi ya kigeni yenye silaha yaondoke. Kuwakutanisha mahasimu ni kazi ya mwenyekiti, na aliifanya. Hata hivyo neno lile halikutiiwa. Serikali ya Kinshasa iliona jeshi lile halina faida, ikakataa kuliongezea muda, na Desemba 2023 likaanza kuondoka.

Je, lilishindikana kwa kuwa mwenyekiti ni mdogo? Twasema hapana. Januari 2025, M23 walipouteka mji wa Goma, kiti kilikuwa kwa Kenya, yenye uchumi mkubwa kuliko wote katika Jumuiya, nayo haikuweza kuwazuia. Mkutano wa Wakuu huamua kwa kauli moja, na mwenyekiti hana jeshi wala hazina yake mwenyewe. Akigoma mmoja, mkubwa au mdogo, wote husimama.

Lakini hatutaificha lawama iliyo stahili. Tarehe 11 Januari 2024, hata miezi miwili haijatimia tangu kukabidhi kiti, Burundi ilifunga tena mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu kuwasaidia waasi, tuhuma ambayo Rwanda iliikanusha. Huenda ilikuwa na machungu ya kweli, maana raia wake walikuwa wameuawa. Lakini mdogo ana ngao moja tu katika umoja, nayo ni sheria. Mkubwa akiivunja hubaki na nguvu zake; mdogo akiivunja hubaki na nini?

Tuje kwetu. Zanzibar haina zamu Arusha. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na wajumbe tisa wa Tanzania katika Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa Dodoma. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya iko Unguja, nasi twafurahi. Lakini kuwa mwenyeji wa ofisi si kuwa na sauti mezani. Kilimo na utalii si mambo ya Muungano, na bado yanapozungumzwa Arusha twasemewa. Agosti 1993 Zanzibar ilijitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kwa kuwa haikuwa na mamlaka ya kuingia peke yake. Tangu siku ile ilidhihiri kwamba lisiloandikwa halina mtetezi.

Basi somo ni hili, ndugu wanachama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya Burundi iliandikwa, ndiyo maana ilifika ijapokuwa kwa kuchelewa. Nasi tusiombe hisani ya kuchukuliwa katika msafara. Tudai yaandikwe: kwamba penye jambo lisilo la Muungano, Zanzibar iseme kwa kinywa chake. Na siku tutakapopewa, tuwe wa kwanza kuitii kauli tuliyoipitisha, kuanzia katika matawi yetu wenyewe, ili asiwepo wa kutuambia kuwa kiti kimetushinda.