BOLTI BILA NAMBA ISIFUNGWE

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Kuna msemo uliozoeleka katika karakana: "Bolti ni bolti, funga twende." Msemo huu ni uwongo, na sisi ndio tunaoulipia. Behewa likikatika bolti, hakuna aulizaye nani aliinunua. Huulizwa nani alishika spana!

Basi yatupasa kusoma chuma. Kanuni ya mataifa, ISO 898-1, yataka kila bolti ya milimita yenye kichwa cha pembe sita, kuanzia unene wa M5, iwe na alama ya kiwanda na namba ya nguvu: 4.6, 8.8, 10.9, 12.9. Namba ya kwanza izidishe kwa 100. Bolti ya 8.8 hukatika kwa niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Namba ya pili ni sehemu ngapi za kumi za nguvu hiyo bolti huweza kubeba kabla ya kuvutika isirudi tena. Hapa ni 8 za kumi, yaani 640. Na nati yake iwe na namba 8.

Sasa pimeni wenyewe. M16 ya 4.6 huanza kuvutika kwa mzigo wa karibu tani 4. Ya 8.8 huvumilia karibu tani 10. Unene mmoja, meno yale yale, rangi ile ile! Ukipewa ile dhaifu ukaikaza kama ile ngumu, umeiua kabla behewa halijatoka karakana.

Wengine husema, "Chukua inayong'aa, haishiki kutu." Kung'aa si nguvu. Iliyoandikwa A2-70 hukatika kwa 700, chini ya 8.8. A4 ina molibdeni ndani yake, nayo hustahimili chumvi ya bahari, kama kule Mombasa, kuliko A2. Sumaku hudokeza aina ya chuma tu, maana A2 na A4 huvutwa kidogo sana au hazivutwi kabisa. Nguvu ya bolti haikuambii hata siku moja.

Mabwana wa ununuzi watasema bolti zenye namba ni ghali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Wao hawalali chini ya behewa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yatutaka tumwarifu msimamizi tuonapo hatari, na yamkataza mwajiri kutulazimisha kurudi penye hatari kubwa kabla haijaondolewa. Basi ukipewa bolti bila namba ya kufunga mahali panapobeba uzito, irudishe stoo, iandike kitabuni, mwarifu msimamizi na mwakilishi wa chama.

Mtu mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Karakana nzima ikikataa, bolti za haki zitanunuliwa.

Umoja ni nguvu!