Nambari ya nyumba si nambari

Wenzangu mnaoandika programu kwa PHP, hivi tutaendelea kuiamini == mpaka lini?

Tuchukue mfano wa hapa Tassia. Mwenye nyumba ana fleti mbili na Paybill moja. Katika jengo la kwanza milango inaitwa 1E1, 1E2, yaani ghorofa ya kwanza, upande wa E. Katika jengo la pili ni tarakimu tupu: 99, 100, 101. Mpangaji analipa kodi kwa M-Pesa na kuandika 1E2 kama nambari ya akaunti. Programu inautafuta mlango wake. Sasa iulize PHP:

"1E2" == "100"

Jibu ni true. Usicheke. PHP ikiona maandishi mawili yanayosomeka kama nambari, huyageuza kuwa nambari kwanza, ndipo iyalinganishe. Hiyo E inasomwa kihesabu: 1 mara 10 kwa kipeo cha 2, yaani 100. Programu ikikutana na 100 kwanza, pesa zinaingia kwa jirani, na aliyelipa anakuta kufuli mlangoni.

Kuna watakaosema, "Hayo ni ya zamani, PHP 8 ilirekebisha." Hapana. Toleo la 8.0 la Novemba 2020 lilirekebisha kioja kingine: kabla yake, 0 == "Tassia" ilikuwa true. Hili la 1E2 bado lipo. Hata "0722" == "722" ni true mpaka leo.

Sikatai kwamba tabia hii ilikuwa na sababu. Rasmus Lerdorf alitoa PHP mwaka 1995 kwa ajili ya tovuti, na kila kinachotoka kwenye fomu ya tovuti hufika kikiwa maandishi. Kukisia kuliokoa muda. Lakini kukisia kodi ya mtu ni uzembe, na lawama ni yetu tunaoandika, si ya lugha peke yake.

Dawa ipo. Tumia ===, ambayo haigeuzi chochote. Kumbuka kwamba switch hulinganisha kama ==, na in_array pia, usipoiongezea true mwishoni. Hifadhi nambari za nyumba na za simu kama maandishi. Simu ukiihifadhi kama nambari, sifuri ya mwanzo inapotea. Na ukitaka A2 itangulie A10 kwenye orodha, tumia strnatcmp, maana mpangilio wa kawaida hutazama herufi moja moja, na 1 hutangulia 2.

Kipimo changu ni kimoja: je, kuna siku utaijumlisha nambari hii na nyingine? Nyumba 7 jumlisha nyumba 9 ni nini? Kama swali halina maana, basi hilo ni jina lililovaa tarakimu. Lilinganishe kama jina, herufi kwa herufi, na mpangaji wa watu alale ndani.