Rimoti ya kuwasha gari la manuali? Wacheni huo mchezo!

Wasee, tuambiane ukweli. Kupeleka ile Corolla 110 ya gia za mkono kwa fundi wa waya wa barabarani, ati iwashwe kwa rimoti, ni kucheza na maisha ya watu.

Gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata kama gia haiko P au N. Manuali nyingi za zamani hazina. Zilizo na swichi ya klachi, fundi huiruka kwa waya, maana bila hivyo rimoti haiwashi kitu. Sasa umepaki kwa mteremko, umeacha gia ya kwanza vile tulifunzwa. Asubuhi unabonyeza ukiwa kwa nyumba. Gari linaruka mbele! Na huko mbele watoto wa ploti wanangoja basi la shule.

Fundi anakwambia, "Usijali boss, kumbuka tu nyutro." Yaani breki ya usalama ni kumbukumbu yako?

Kanada wanapasha injini moto kwa sababu ya theluji. Wewe wa Umoja unapasha nini? Shuka ngazi, zungusha ufunguo.