Luofu: Mwenye 4x4 ya zamani atengeneze freni kwanza

Butembo watu hucheka gari ya zamani ya 4x4. Luofu hawaicheki. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda Kayna ni matope tu, na gari nyepesi za mjini hukwama. Juni 2024, Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23, wahami wengi walielekea kaskazini na magodoro kichwani. Gari kama hiyo ni ya mtu mmoja, lakini siku ya kukimbia kijiji kizima huitazama. Basi rangi na muziki vingoje (wengine huanzia hapo!). Freni kwanza, halafu tairi. Watu wakiwa juu ya magunia ya maharagwe, mteremko haumhurumii dereva. Na risasi zikisikika, bei ibaki ile ya siku ya soko, itajwe kabla mama hajapakia watoto.