Tusiihukumu Betri Kabla ya Kuipima

Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi jambo linalowasumbua wengi wenye magari ya haibridi, yaani yale yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Magari haya, kama Toyota Prius na Aqua, huja kwetu yakiwa yameshatumika Japani. Siku moja dereva yuko katikati ya kulipita lori, anakanyaga mafuta, na gari linasita. Hatari yake kila mmoja wetu anaijua.

Akifika gereji huambiwa upesi, "Betri kubwa imekufa." Familia hukopa, betri hubadilishwa, na pengine gari hubaki zito kama awali. Maoni yetu ni haya: mtu asiuziwe betri kabla hajaonyeshwa vipimo.

Tukumbuke kwamba tunapoongeza mwendo, mota huchota umeme katika betri ili kuisaidia injini. Betri ikipata joto kupita kiasi, kompyuta hupunguza umeme huo ili kuilinda, naye dereva huhisi uzito. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, hewa ya kuipoza betri huingia kwenye tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi lililojaa katika feni, au mzigo ulioziba tundu hilo, hutosha kuleta shida. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi mwema hufanya kama tabibu: huuliza kwanza. Je, uzito huja mlimani, wakati wa joto, au wakati wote? Kisha husoma misimbo ya hitilafu kwa mashine inayofika hadi kompyuta ya mfumo wa haibridi, si ya injini peke yake. Baadaye hupima betri wakati gari likifanya kazi. Betri ya Prius hiyo ina vipande 28 vyenye jumla ya volti 201.6, navyo hupimwa viwili viwili katika mafungu 14. Fungu moja likishuka mno kuliko mengine gari linapoongeza mwendo, hapo betri ina hatia. Yakienda sawa, tutafute kwingine: plagi, kichujio cha hewa, maji ya kupozea inveta, au breki zinazong'ang'ania gurudumu.

Tena, mwaka 2014 Toyota yenyewe iliyaita magari ya Prius ya kizazi cha tatu yapatayo milioni 1.9 duniani kote ili kurekebisha programu. Kasoro hiyo iliweza kulipunguzia gari nguvu, na haikuwa ya betri.

Hata hivyo, tusiwalaumu mafundi peke yao. Sisi wateja twapenda kulipia kifaa kinachoonekana, lakini kulipia saa moja ya kupima twaona ni hasara. Kwa hiyo fundi hujifunza kuuza kifaa. Tukubali kulipia kipimo, nasi tudai kuziona namba. Ila tusijaribu kufungua betri wenyewe, wala tusiguse nyaya za rangi ya chungwa, kwa maana umeme wake unaweza kuua.

Kuuliza si ujinga, wapendwa. Kabla ya kukopa, tuulize: "Fundi, umepima nini, na umeona nini?"